Kasha la 1968, Uso wa 1998

Novemba 2021 mjini Geneva, kampuni ya minada ya Phillips iliuza saa ya Omega Speedmaster ya mwaka 1957 iliyokadiriwa kupata faranga za Uswisi 80,000 hadi 120,000. Ilikwenda kwa 3,115,500. Mnunuzi alikuwa Omega yenyewe, iliyoitaka kwa ajili ya makumbusho yake. Mwaka 2023 kampuni hiyo ikatangaza kwamba saa ile ilikuwa ya kuungaunga: sehemu zake nyingi zilikuwa za kweli, ila zilitoka kwenye saa tofauti, na watu watatu waliowahi kuwa wafanyakazi wake walikuwa na mkono katika jambo hilo. Mwenye kiwanda alinunua mali ya kiwanda chake, na bado akapigwa.

Ukikielewa kisa hicho umeshaielewa nusu ya biashara ya saa za zamani mtandaoni. Saa feki mwanzo hadi mwisho, ile inayotandazwa barabarani Kariakoo au River Road, haimsumbui mtu anayetafuta Rolex ya miaka ya 1960. Akiishika tu uzito wake unaisema. Kinachomwingiza mjini mnunuzi mwenye akili zake ni saa ya kweli iliyovalishwa kitu kisicho chake. Kwa hiyo usiipoteze siku ukiuliza kama saa ni halisi. Ichambue vipande: uso, akrabu, pete ya juu, kasha, mashine, bangili. Kila kipande kina mwaka wake. Kazi yako ni kuona kama miaka hiyo inakubaliana.

Kasoro zenyewe si za uzito mmoja. Ipo spea halali ya kiwandani iliyo ya zama nyingine: mwenye saa ya 1968 aliipeleka kwa wakala mwaka 1998, fundi akaona uso umechoka, akauondoa na kuweka mpya uliotoka Uswisi. Hapo hakuna aliyemdanganya mtu. Saa hiyo itavalika vizuri tu, lakini haiuziki kwa bei ya mwenzake aliyebaki kama alivyozaliwa. Upo uso uliopakwa rangi upya na fundi wa mtaani. Na ipo spea feki iliyotengenezwa juzi kisha ikazeeshwa kwa makusudi. Sina ugomvi na saa iliyopakwa upya, maana babu aliyeona uso wa saa yake umeota madoa mwaka 1975 alikuwa na haki ya kutaka usafi. Ugomvi wangu ni na tangazo linaloandika "orijino yote" chini ya picha yake.

Anza usoni

Katika saa ya zamani uso ndio bei. Rolex Submariner 5513 mbili za mwaka mmoja zinaweza kupishana bei vibaya sana kwa sababu ya kipande cha bati kisichozidi upana wa kizibo cha soda. Walaghai huanza hapo, nawe uanze hapo.

Vuta picha mpaka maandishi yajae kwenye kioo cha simu. Maandishi ya kiwandani yana kingo kali, na wino umekaa kwa unene uleule kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Uso uliopakwa upya hujionyesha kwa herufi zilizovimba miguuni, nafasi zisizolingana, na mistari ya dakika isiyofika kwenye alama za saa au inayozipitiliza. Tazama pale alama za chuma zinapokutana na rangi: fundi aliyepaka bila kuzing'oa huacha rangi imepanda ubavuni mwake. Tazama kingo za dirisha la tarehe. Kwenye saa za kupimia muda, tazama vile viuso vidogo vya ndani; mistari yake ya duara iliyochongwa hujaa rangi mpya na kupoteza ukali. Hata tahajia husaidia. Universal Genève ina alama juu ya e, na wapo wapakaji wanaoisahau.

Nyuso nyeusi za Rolex za kabla ya takriban mwaka 1966 zina siri yake. Zinang'aa, na maandishi yake ya rangi ya dhahabu hayakuchapwa juu ya weusi. Ni bati la chini lenyewe linaloonekana pale ambapo rangi nyeusi haikushika. Ukikuza picha utaona herufi zimekaa chini kidogo ya weusi unaozizunguka, na mwanga ukihama zinamulika. Mpakaji upya hana njia rahisi ya kuiga hilo, kwa hiyo huchapa wino wa dhahabu juu, nao hukaa umeinuka na umepooza. Tahadhari moja: katika baadhi ya nyuso hizo mstari wa kina cha maji ni wa rangi ya fedha na kweli umechapwa juu. Huo usikutie wasiwasi. Baada ya hapo zikaja nyuso zisizong'aa zenye maandishi meupe, na hizo ndizo nyingi sokoni leo. Kwenye 5513 za mwanzo za aina hiyo, mita hutangulia futi: 200m = 660ft. Kuelekea 1970 futi zikachukua nafasi ya mbele. Anayekuuzia 5513 ya mwaka 1967 yenye futi mbele ana la kueleza.

Nyuso zinazotafutwa kuliko zote ndizo zinazoigwa kuliko zote, na hakuna mfano mzuri kama ule unaoitwa Paul Newman. Rolex Daytona ilianza 1963 na modeli 6239. Baadhi zilitoka na uso wa mapambo ambao wakati ule haukuwa na wateja wengi. Oktoba 2017, Daytona iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman mwenyewe iliuzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 17.7, na mtu yeyote mwenye Daytona ya kawaida akaanza kuutazama uso wake kwa jicho lingine. Angalia kiuso kidogo cha sekunde. Katika Daytona ya kawaida kimeandikwa 20, 40, 60. Katika Paul Newman ni 15, 30, 45, 60, tarakimu zina umbo lake la kimapambo, na mistari midogo ya ndani humalizikia kwa vijiraba. Anayepaka upya uso wa kawaida hujitahidi kwenye rangi, kisha hukamatwa kwenye umbo la tarakimu. Ila kwa saa za kiwango hiki sishauri mtu anunue kwa picha hata awe na jicho la namna gani.

Upande wa pili wa soko, kule kwenye bei za chini, kuna saa za Omega, Favre-Leuba na West End zilizopakwa upya nchini India na kuuzwa dunia nzima kupitia mtandao. Utazitambua upesi: rangi kali ya machungwa, feruzi au kijani, mistari ya msalaba katikati, na maneno ambayo modeli ile haikuwahi kuyabeba. Ukiipenda rangi, nunua kwa bei ya rangi. Usinunue kwa bei ya Omega Seamaster.

Dawa inayong'aa gizani

Chini kabisa ya uso, kandokando ya alama ya 6, pana maandishi madogo kuliko yote, na ndiyo yenye habari nyingi. (Nikisema 6 ninataja tarakimu inayokaa chini ya uso, pale sisi tunaposoma saa kumi na mbili.) Maandishi hayo yanahusu dawa iliyopakwa kwenye alama na akrabu ili saa isomeke usiku. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa radiamu. Ikafuata tritiamu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tritiamu ikaachwa, ikaja Luminova, kisha Super-LumiNova, ambazo hazina mionzi na huchajiwa na mwanga tu.

Uso wa Rolex wa enzi ya tritiamu huandikwa T SWISS T au SWISS – T<25, yaani tritiamu imo na haizidi milikiuri 25. Enzi fupi ya Luminova, karibu 1998 na 1999, uliandikwa SWISS peke yake, halafu SWISS MADE. Sasa chukua tangazo la GMT-Master 1675, modeli iliyotengenezwa kati ya 1959 na 1980, inayonadiwa kuwa ya 1968 "haijaguswa", na chini ya uso pameandikwa SWISS MADE. Uso huo ni wa kiwandani, lakini ulifungwa miaka 30 au zaidi baada ya kasha. Ukikuta SWISS peke yake usikimbilie kuhukumu, kwani nyuso za enzi ya radiamu nazo ziliandikwa hivyo. Hapo mwaka wa kasha na dawa yenyewe ndivyo vitakavyoamua.

Zipo pia nyuso za miaka ya 1970 zenye herufi ndogo ya Kigiriki σ kila upande wa maandishi hayo. Si kasoro. Ilitumiwa na viwanda kadhaa kutangaza kwamba alama za saa, na mara nyingine akrabu pia, ni za dhahabu.

Dawa inapimika hata ukiwa mbali. Nguvu ya tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na miezi kadhaa, kwa hiyo saa ya 1968 imebakiwa na chini ya sehemu moja ya kumi na sita ya ile iliyozaliwa nayo. Mwambie muuzaji apige video akiwa kwenye chumba chenye giza: aimulike saa kwa taa ile ya zambarau ya kukagulia noti, ambayo ipo karibu kila duka, kisha aizime kamera ikiendelea. Tritiamu iliyozeeka huitikia taa na kufa ndani ya sekunde chache. Ikiendelea kung'aa dakika nzima na zaidi, kuna dawa mpya. La muhimu kuliko yote ni kwamba alama za usoni na akrabu ziitikie sawasawa. Uso ukizimika upesi huku akrabu zikiwaka, akrabu zimebadilishwa au zimepakwa upya. Muuzaji anayesema hana taa ya noti anaishi wapi?

Kuhusu radiamu niwe mkali kidogo. Yenyewe huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Saa ya 1955 haing'ai tena kwa sababu kemikali iliyokuwa ikiwaka imechoka, lakini mionzi iko palepale, na unga wake ukivutwa puani ni hatari. Usiifungue saa hiyo mezani nyumbani, usikwangue alama zake, na umwonye fundi wako asiupulize uso kwa mdomo. Faida yake moja kwa mnunuzi ni kwamba kipimo cha mionzi hulia kikikaribishwa kwenye radiamu. Saa inayodaiwa kuwa ya 1955 ikiwa na dawa ya njano ya kupendeza na kipimo kikabaki kimya, basi ile njano imechanganywa kwenye kikombe cha fundi.

Jambia la Sultani

Wasomaji walioko Muscat na Dubai, au wenye jamaa huko, watakutana na uso unaotaka tahadhari ya peke yake. Sultani Qaboos wa Oman, aliyetawala kuanzia 1970 hadi kufariki kwake Januari 2020, alikuwa akiwazawadia watu saa, nyingi zikiwa Rolex zilizoagizwa kupitia duka la Asprey la London. Usoni ziliwekwa nembo ya nchi, jambia ndani ya ala juu ya panga mbili zilizopishana, au saini yake. Baadhi zilikwenda kwa maofisa wa Kiingereza waliotumikia jeshi la Oman wakati wa vita vya Dhofar. Falme za Kiarabu nazo zina nyuso zake zenye nembo ya mwewe.

Nembo hiyo ndogo hupandisha bei mara nyingi, na kuiongeza kwenye uso halali ni kazi nyepesi kuliko kutengeneza uso mzima. Mlaghai hahitaji kugusa kitu kingine. Kwa hiyo usiangalie saa tu, angalia habari zake. Kasha lisiwe la kabla ya 1970. Rangi ya nembo iwe imechakaa pamoja na maandishi yaliyo jirani yake. Jambia jekundu linalometa katikati ya maandishi yaliyopauka halikuzaliwa nayo. Ndani ya mfuniko wa nyuma baadhi ya saa hizi zina jina la Asprey. Kisha uliza aliyepewa ni nani, alikuwa na kazi gani, picha yake akiwa ameivaa iko wapi, na barua iliyoandamana na zawadi iko wapi. Familia zetu za Unguja na Mombasa zilizohamia Oman zina watu waliotumikia serikali na jeshi kule, na baadhi ya saa hizi kweli zimo kwenye makabati yao. Hizo huja na historia ya mtu mwenye jina na cheo. "Niliipata kwa mzee mmoja sokoni Muttrah" si historia.

Vilivyobaki kwa nje

Akrabu zitazame kwa rangi na urefu. Dawa yake iwe imezeeka kwa rangi moja na ya alama, na akrabu ya dakika ifike kwenye mistari ya dakika. Speedmaster ya kwanza kabisa, CK2915 ya 1957, ilikuwa na akrabu ya saa yenye umbo la mshale mpana. Kwa kuwa mshale huo una soko, huchomekwa kwenye Speedmaster za miaka ya 1960 ambazo hazikuwahi kuwa nao.

Pete ya juu ndiyo sehemu iliyobadilishwa zaidi kihalali, kwa sababu ndiyo inayogonga milango. Katika Speedmaster za hadi karibu 1970, nukta ya 90 iko juu ya tarakimu. Baadaye ikasogea pembeni. Tofauti hiyo ya nukta moja ina thamani ya fedha nyingi, na pete zenye nukta juu zimeshaanza kutengenezwa upya. Kwenye Submariner za zamani tafuta 4 na 0 za 40 zinazokaribia kugusana. Kwenye 1675 yenye nyekundu na buluu, wakusanyaji wanapenda rangi iliyofifia, kwa hiyo walaghai huloweka bati jipya kwenye dawa ya kufulia inayotoa rangi au kulipasha moto kwenye oveni. Jua halifanyi kazi kwa usawa namna hiyo. Lina upande liliopenda zaidi, na mikwaruzo huwa imekatiza rangi iliyofifia, si kulala chini yake. Oveni hiyohiyo hutumika kugeuza nyuso nyeusi kuwa za kahawia, rangi inayolipiwa zaidi, kama ile ya Speedmaster ya Geneva.

Kasha lichunguze kama limepigwa msasa. Masikio manne yanayoshika bangili yalitoka kiwandani mazito, yenye kingo zilizokatwa kwa ukali. Kila aliyeipeleka saa kung'arishwa alikula chuma kidogo, na baada ya mara kadhaa masikio huwa membamba na ya mviringo, tundu za bangili zikawa karibu na ukingo. Kasha lililonyemelewa na msasa halirudi, ingawa siku hizi wapo wanaolichomelea na kulichonga tena. Kwa saa za dhahabu tafuta mihuri: dhahabu ya karati 18 ya Uswisi iligongwa kichwa cha mwanamke, Helvetia, hadi 1995, na ya karati 14 iligongwa kindi. Tangu Agosti 1995 muhuri ni kichwa cha mbwa wa Saint Bernard. Mbwa kwenye kasha la "1962" hana hadithi. Na muhuri uliofutika nusu unakwambia dhahabu iliyobaki ni nyembamba.

Namba za Rolex za zama hizo ziko kati ya masikio, chini ya bangili: modeli upande wa 12, namba ya pekee upande wa 6. Bila kuvua bangili hazionekani, na muuzaji asiyetaka kuivua amekujibu. Herufi za kweli zimechongwa kwa mistari safi inayomulika mwanga ukizigusa. Zilizoandikwa upya mara nyingi huonekana zimeliwa na tindikali, zina vidoti na ukungu. Orodha za namba na miaka zinazosambaa ni makadirio ya wakusanyaji, kwa kuwa Rolex yenyewe haifungui daftari zake. Zitumie kwa kupishana mwaka mmoja au miwili, si kwa kuapia.

Fungua mfuniko

Hakuna picha ya mashine, hakuna biashara. Hiyo ndiyo kanuni pekee ninayoishika bila kulegea, na muuzaji anayesema fundi yuko safari naye asubiri fundi arudi.

Ndani ya mfuniko wa Rolex wa miaka ya 1950 na 1960 mara nyingi kuna modeli pamoja na robo ya mwaka kwa tarakimu za Kirumi, kwa mfano III 67. Ilinganishe na namba ya kati ya masikio. Omega ni nyepesi zaidi kusomeka: Speedmaster imepigwa modeli na mwaka ndani ya mfuniko, kwa mfano 145.012-67, na namba yake ya pekee iko kwenye mashine. Mfuniko huo unataka mashine ya kalibra 321, na uso wenye nembo ya Omega ya chuma iliyobandikwa. Ukikuta ndani kuna kalibra 861, au usoni nembo imechapwa kwa rangi, umekuta sehemu za 145.022 iliyokuja baadaye. Kioo cha plastiki cha kiwandani kina nembo ndogo mno ya Omega katikati, inayoonekana kwa lenzi. Ikikosekana kioo kimebadilishwa, na hilo halina uzito, kioo ni cha kuvunjika.

Usiwe mwerevu kupita kiasi pia. Mashine ya Rolex yenye tarehe ya kalibra 1575 mara nyingi imeandikwa 1570 kwenye daraja lake, na wanunuzi wapya hukimbia saa safi kwa sababu hiyo. Jaribio la manufaa zaidi ni kumwomba muuzaji avute kifundo cha kutilia ufunguo hadi mwisho mbele ya kamera. Kuanzia karibu 1971 na 1972 mashine za familia hiyo husimamisha sekunde kifundo kikivutwa. Za kabla yake huendelea kutembea. Saa ya "1966" inayosimamisha sekunde ina mashine isiyo ya umri wake.

Bangili ipitie haraka. Ndani ya kifungo cha Rolex kuna muhuri wa tarehe, zamani kwa tarakimu kama 2 71, na tangu 1976 kwa herufi. Bangili ya miaka mitano baadaye ni jambo la kawaida. Isiyo ya kawaida ni bei isiyozingatia hilo.

Muuzaji na makaratasi yake

Soma tangazo kama unavyosoma barua ya mtu anayetaka kukopa. "Sijui mambo ya saa, ni za marehemu mjomba" likiambatana na bei inayolingana na mnada wa Geneva maana yake anajua. Picha zilizopigwa kwa mbali, uso ukiwa umefunikwa na mwako wa taa, si bahati mbaya katika tangazo la saa ya mamilioni. Omba picha mpya: uso kwa mbele na kwa pembeni, namba za kati ya masikio, ndani ya mfuniko, mashine, ndani ya kifungo, zote zikiwa na karatasi iliyoandikwa tarehe ya leo kwa mkono. Kisha zitafute picha za tangazo kwenye injini ya kutafutia picha. Saa moja ikionekana Dubai, Milan na Nairobi kwa majina matatu, zima simu ukanywe chai.

Sanduku na karatasi za dhamana havithibitishi sana. Vyote huuzwa peke yake, vikiwemo vyeti vitupu vinavyosubiri kutobolewa namba. Taarifa kutoka kumbukumbu za kiwanda ina uzito zaidi. Patek Philippe na Vacheron Constantin hutoa, na Longines ina daftari za kuandikwa kwa mkono tangu 1867. Lakini elewa karatasi hiyo inasema nini. Inaeleza saa yenye namba fulani ilivyotoka kiwandani. Haielezi kilichomo ndani yake leo. Mlaghai mwenye mashine ya namba nzuri anaweza kuizungushia kasha na uso vya kufanana na taarifa, na kadiri taarifa inavyokuwa tamu ndivyo anavyokuwa na sababu ya kufanya hivyo.

Malipo yapitie kwenye jukwaa linaloshika fedha mpaka uipokee na kuikagua, kama lile la Chrono24 la Ujerumani. Akikuomba utume kwa njia ya "ndugu na marafiki" ili kuokoa ada, anakuomba uachie ulinzi wako. Na pesa za simu zikishakwenda zimekwenda. Ongeza kwenye bei ushuru wa forodha na VAT, asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya, juu ya thamani ya kweli iliyoandikwa kwenye kifurushi. Muuzaji anayejitolea kuandika dola 50 anakuharibia pia bima: kikipotea, utalipwa dola 50.

Ikifika, usiivae kwanza. Ipige picha ikiwa bado kwenye kifungashio, kisha ipeleke kwa fundi saa unayemwamini kabla siku za kurudisha hazijaisha, ukiwa na zile picha za muuzaji kwenye simu, mzilinganishe skrubu kwa skrubu mfuniko ukiwa wazi. Ukiamua kubaki nayo na ikahitaji kusafishwa, agiza kwa maandishi: kasha lisipigwe msasa, uso usiguswe, na spea yoyote itakayotolewa, hata akrabu iliyopinda, irudishwe kwako kwenye bahasha.